Kasuku akijinyonyoa manyoya ghafla: cha kuangalia, cha kufanya na cha kuacha

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule wengine wanamwita kusu na wenye kusema Lingala wanamwita nkoso, anaweza kukaa na familia miaka mingi akiwa mzima, akiiga sauti ya mama mwenye nyumba na mlio wa simu. Halafu ndani ya wiki moja kifua kinabaki ngozi tupu. Manyoya yanajaa chini ya tundu lake, na anayeyang'oa ni ndege mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe. Ku Katuba, sawa na katika mitaa mingine ya Lubumbashi, jambo hilo linaleta swali moja: juu ya nini?

Majibu yanakuja upesi. Mmoja atasema ni utitiri, kama ule wa kuku. Mwingine atasema ndege ni mkaidi, anataka kutishwa. Na hakosi mtu wa kunong'ona kwamba ni bulozi, kwamba mu lupango kuna kitu kimeingia. Majibu ya namna hiyo ndiyo yanayomponza kasuku, kwa sababu yanampeleka kwenye dawa ya wadudu, kwenye fimbo, au nje ya mlango.

Ukweli ni huu: kujinyonyoa si ugonjwa mmoja wenye jina lake. Ni alama, sawa na homa kwa mtoto. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa tifoide, inaweza kuwa sikio linalouma. Mzazi haponyeshi homa kwa kuigombeza; anatafuta imetoka wapi. Kwa kasuku pia ni hivyo. Sababu inaweza kukaa mwilini, inaweza kukaa katika hewa na chakula, inaweza kukaa katika upweke wake, na mara nyingi mbili au tatu zinakutana pamoja.

Kakatua, yule kasuku wa Australia, Indonesia na visiwa vya jirani mwenye kishungi kichwani, anajulikana sana kwa tabia hii. Lakini kwa wakaaji wa Kongo ndege anayehusika ni huyu wa kijivu, na mashauri mengi ni yale yale kwa wote wawili.

Kwanza, angalia kichwa

Kabla ya kusema ndege anajinyonyoa, hakikisha ni yeye. Mdomo wa kasuku unafika kifuani, tumboni, mgongoni, chini ya mabawa, miguuni na mkiani. Haufiki kichwani kwake. Basi ikiwa mwili una vipara lakini kichwa kina manyoya yote mazuri, ndege anajing'oa mwenyewe. Ikiwa na kichwa kimebaki kipara, kuna mawili: kuna ndege mwenzake anayemnyonyoa, au kuna ugonjwa wa manyoya yenyewe.

Kupukutisha manyoya kwa kawaida ni jambo lingine. Kila ndege anabadilisha manyoya. Ya zamani yanadondoka machache machache, upande wa kulia na wa kushoto kwa kulingana, na mapya yanatokea kama vijiti vidogo vilivyofungwa ndani ya ganda jeupe. Ngozi haibaki wazi. Ukiona vijiti hivyo na huoni kipara, tulia. Ndege yuko katika kazi yake.

Angalia pia manyoya yaliyoanguka. Yaliyong'olewa yanakuwa mazima mpaka kwenye shina. Yaliyotafunwa yanakuwa yamekatika au yamechanika kama brashi iliyochakaa. Yale yaliyopinda vibaya, au yenye damu kavu ndani ya shina, ni alama ya ugonjwa. Yaweke kwenye karatasi safi, munganga wa wanyama atayahitaji.

Siku mbili za kwanza

Kwa kuwa jambo limeanza ghafla, ulizeni wote wa nyumbani: nini kimebadilika katika mwezi huu? Watoto waulizwe pia, maana mara nyingi wao ndio wanaojua. Mambo ya kutafuta ni haya:

- Tundu limehamishwa, limepakwa rangi, au ni jipya.
- Mtu aliyemzoea amesafiri, ameolewa, amefariki, au ameanza kazi ya mbali.
- Kuna mtoto mchanga, mbwa, paka au mgeni mpya.
- Baa imefunguliwa jirani, au jenereta imewekwa karibu na ukuta.
- Chakula kimebadilika, au karanga ni za mfuko mwingine.
- Kuna dawa ya mbu, ya panya au ya mende iliyopulizwa.
- Mabawa yamekatwa, hasa kama yamekatwa vibaya na ncha zinamchoma.

Halafu mpime uzito. Kasuku wa kijivu mzima kwa kawaida ana gramu 400 hadi 550 hivi. Mizani ndogo ya jikoni inatosha: pima tundu dogo au boksi tupu, kisha pima likiwa na ndege, utoe tofauti. Andika nambari hiyo. Ndege wa gramu 450 akishuka mpaka 405 amepoteza sehemu moja katika kumi ya mwili wake, na hapo si jambo la kungoja. Manyoya yanaficha ukondefu. Mfupa wa kifua ukijitokeza kama kisu chini ya kidole, amekonda tayari.

Tandika karatasi nyeupe chini ya tundu uangalie choo. Cha ndege mzima kina sehemu tatu: kigumu cha kijani au kahawia, kitu cheupe kama chokaa, na maji kidogo. Ile sehemu nyeupe ikigeuka njano au kijani kali, ini linaweza kuwa na shida.

Sababu zilizo mwilini

Utitiri unatajwa kuliko vyote, lakini kwa kasuku anayekaa ndani peke yake si sababu ya kawaida. Unawezekana zaidi akikaa karibu na banda la kuku. Usiku, pitisha tochi juu ya kijiti anacholalia, halafu ukipanguse kwa kitambaa cheupe. Utitiri unaonyonya damu utaacha vidoa vyekundu. Usipouona, usimpake dawa ya kitu kisichokuwepo.

Zinki na risasi ni hatari kubwa zaidi, na watu wachache wanaziwaza. Matundu mengi yanatengenezwa kwa waya wenye ngozi ya mabati. Kasuku anautafuna kutwa, anameza unga wa zinki kidogo kidogo. Risasi inatoka katika rangi za zamani, katika sehemu zilizochomelewa, na katika vipande vya betri. Sumu hizo zinaweza kumfanya ajing'oe, atapike, atetemeke, au akunywe maji kupita kiasi. Tundu jipya la waya lisuguliwe kwa brashi na siki, lisuuzwe, likaushwe juani kabla ya ndege kuingia. Na katika mji wa madini kama Lubumbashi, ambako vumbi linaingia kila mahali, chombo cha maji kisafishwe kila siku, na tundu lisikae kando ya barabara ya vumbi.

Kuna pia ugonjwa wa virusi unaoharibu mdomo na manyoya. Uliandikwa kwanza kwa kakatua wa Australia katika miaka ya 1970, na unampata kasuku wa kijivu pia. Manyoya mapya yanaota yamepinda, au mekundu yanatokea mahali pa kijivu, na kichwa hakisalimiki. Hauna dawa ya kuumaliza, na unaenea kwa vumbi la manyoya na kwa choo. Ndiyo maana tundu la kuazima kwa jirani si la kutumia hivi hivi.

Mengine ni maumivu ya ini, ukungu katika mapafu, na vidonda vya ngozi. Ndege anayerudia kujing'oa pahali pamoja tu, kila siku palepale, pengine anaonyesha panapouma.

Hewa, moshi na majira

Kasuku wa kijivu ni ndege wa msitu wenye unyevu: Maniema, Tshopo, Sankuru, Équateur. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1.200 toka bahari, katika miti ya miombo. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hakuna, hewa inakauka, vumbi linapanda, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni wa baridi kweli. Ngozi ya ndege wa msitu inakauka na kuwasha. Anajikuna, anang'oa unyoya mmoja, na mkono ukishazoea hauachi. Kwa kasuku ni mdomo.

Dawa yake ni maji. Mrushie maji ya vuguvugu kwa chupa ya kupulizia mara mbili au tatu kwa wiki, kama mvua nyepesi kutoka juu, si usoni. Fanya hivyo asubuhi jua likiwa limetoka, ili awe amekauka kabla baridi ya jioni haijaanza. Maji yawe matupu, bila sabuni na bila manukato.

Moshi ni adui wa pili. Mapafu ya ndege yanapokea hewa kwa nguvu kuliko yetu. Kinachomkohoza mtu kinaweza kumuua kasuku. Tundu lisikae karibu na mbabula, wala jikoni pa makala, wala pa kuvuta sigara. Sufuria zile zisizogandisha chakula, zikiungua zikiwa tupu, zinatoa hewa inayoua ndege ndani ya dakika chache. Ubani, dawa ya mbu ya kuchoma na manukato ya kupuliza pia vikae mbali naye.

Chakula

Kasuku wengi wa nyumbani wanaishi kwa karanga, mahindi makavu na bukari iliyobaki. Wanashiba, lakini wanakosa vitamini A na kalisi, na kasuku wa kijivu anateseka upesi akikosa kalisi. Ngozi inaharibika, manyoya yanakuwa hafifu, naye anaanza kuyachokonoa. Msituni chakula chake kimoja kikubwa ni ngazi, tunda la mchikichi, lenye vitamini A nyingi.

Chakula kizuri kinapatikana katika soko lolote la mji: ngazi mbichi, karoti, papai, embe, viazi vitamu vya rangi ya njano, malenge, lenga-lenga, mahindi mabichi, maharagwe yaliyoiva sawasawa. Pilipili anaila vizuri, ukali wake hausikii. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, linaongeza kalisi. Jua la asubuhi la dakika chache, bila kioo katikati, linamsaidia kuitumia hiyo kalisi. Awe na kivuli cha kukimbilia.

Karanga zipungue, zisikatwe siku moja. Kasuku asiyejua chakula kipya anaweza kukaa na njaa kuliko kukigusa. Changanya kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na umpime. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe yote. Ukungu ule una sumu ya ini, na kuosha hakuuondoi.

Asipewe kabisa avoka, hata majani yake. Asipewe kahawa, bia, chokoleti, kitunguu, wala mboga yenye chumvi nyingi.

Upweke, usingizi na kazi

Msituni kasuku hakai peke yake. Jioni wanakusanyika kulala pamoja, kwa mamia mahali pengine. Mchana wanaruka mbali, wanatafuta, wanamenya, wanaitana. Akili yake si ndogo: Alex, kasuku wa kijivu aliyefunzwa Marekani na mtafiti Irene Pepperberg kuanzia mwaka wa 1977 mpaka kifo chake mwaka wa 2007, alijifunza majina ya vitu, rangi na maumbo, na kuhesabu vitu vichache. Ndege wa namna hiyo akifungwa kona ya sebule toka asubuhi mpaka usiku, kikombe cha karanga mbele yake, anatafuta kazi. Kazi iliyo karibu ni manyoya yake.

Mpe kazi nyingine. Funga chakula ndani ya maganda ya mahindi mabichi, au ndani ya karatasi safi isiyo na gundi wala plastiki, akifungue mwenyewe. Mpe matawi mabichi ya mwembe au mpera, yasiyopuliziwa dawa, ayatafune. Uzi na kamba zenye kulegea vitolewe, vinamnyonga na vinafunga tumbo. Atoke nje ya tundu kila siku, milango ikiwa imefungwa, na mtu akae naye, azungumze naye hata akiwa anachambua mchele.

Usingizi wake ni saa kumi mpaka kumi na mbili, mahali pa giza na kimya. Katika nyumba yenye televisheni mpaka usiku wa manane, au iliyo jirani na muziki wa baa, hapati hata nusu. Mhamishe jioni kwenda chumba cha nyuma, au funika tundu kwa kitambaa kinachopitisha hewa.

Kuna pia umri. Kuanzia miaka mitatu hadi mitano kasuku anakomaa, na mwili wake unataka mwenzake. Kumpapasa mgongoni na chini ya mabawa kunamwamsha zaidi, halafu anakosa pa kupeleka ile hamu. Mguse kichwani na shingoni tu.

Hapana kufanya haya

- Hapana kumpaka petroli, mafuta ya gari, mafuta ya ngazi wala pomadi. Anajisafisha kwa mdomo. Kila unachompaka atakimeza.
- Hapana kumnyunyizia unga wa kuua kunguni au dawa ya mifugo bila kipimo cha munganga.
- Hapana kumpa vidonge vya watu. Antibiotiki ya kubahatisha inaweza kumdhuru na kuficha ugonjwa.
- Hapana kumfunga kola shingoni kwa kujitengenezea. Kola ni kazi ya munganga, na inazuia mdomo tu, sababu inabaki.
- Hapana kumpigia kelele kila anapong'oa. Kwa ndege mpweke hata makelele ni mazungumzo, na atang'oa tena ili mje. Msemesheni wakati ametulia.

Lini kumpeleka kwa munganga

Siku ile ile, ukiona damu, kidonda kilicho wazi, kutapika, kupumua kwa kutikisa mkia, kukaa chini ya tundu amejikunyata, au kuacha kula. Unyoya mchanga una damu ndani ya shina; ukikatika unatoka damu nyingi kwa ndege wa nusu kilo. Kandamiza pahali hapo kwa kitambaa safi dakika kadhaa, muweke gizani mahali pa joto, na uende.

Bila alama hizo, usipitishe wiki moja. Lubumbashi ina Fakilte ya Tiba ya Wanyama katika chuo kikuu cha UNILU, na waganga wa wanyama waliosomea huko wanafanya kazi mjini. Uliza kwanza kama munganga amezoea ndege, maana kasuku si kuku. Mpelekee picha za tundu na za mahali linapokaa, manyoya uliyookota, karatasi ya choo cha asubuhi, orodha ya chakula, na uzito wa kila siku.

Na afya ya watu isisahauliwe. Kasuku anaweza kubeba bakteria inayompa mtu homa kali, kichwa kuuma na kikohozi kikavu. Anayesafisha tundu alowanishe vumbi kwanza, afunike pua na mdomo, anawe mikono. Mtu wa nyumbani akipatwa na homa na kikohozi wakati ndege anaumwa, amwambie daktari kwamba wanafuga kasuku. Neno hilo moja linaweza kubadilisha matibabu.

Kumnunulia mwenzake?

Hili ndilo wazo linalokuja kwa watu wenye huruma, na ndilo lenye gharama kubwa. Ndege wa pili anaweza kuleta ugonjwa, anaweza kupigana na wa kwanza, au kujifunza kujing'oa naye. Halafu ametoka wapi? Kasuku wa kijivu wanaouzwa mijini wametegwa msituni, mara nyingi kwa ulimbo na kwa kasuku mwingine aliyefungwa ili awaite wenzake. Wengi wanakufa njiani ndani ya vikapu na maboksi. Kila anayenunua mmoja analipia na waliokufa.

Dunia imeshaona mwisho wa biashara hiyo. Ghana, ambako kasuku hawa walikuwa wengi, watafiti waliandika mwaka wa 2016 kwamba idadi yao imeshuka kwa asilimia 90 hadi 99 toka mwaka wa 1992. Mwaka huo huo wa 2016, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa ya mkataba wa CITES yaliamua kumweka kasuku wa kijivu katika orodha ya ulinzi wa juu, na uamuzi ulianza kufanya kazi mwezi wa kwanza 2017. Toka hapo, biashara ya kimataifa ya kasuku waliotegwa msituni imekatazwa. Kumvusha mmoja Kasumbalesa bila karatasi ni kosa, hata kama ni zawadi kwa dada aliyeko Kitwe.

Mwenye kasuku asiyeweza tena kumtunza asimwachilie ku Katuba. Hapa si kwao. Hana chakula alichozoea, hana kundi, na wenye manati wapo. Aulize ofisi ya ICCN. Huko Lwiro, Kivu Kusini, kituo kinachojulikana kwa kulea sokwe na nyani walionusurika kimepokea pia kasuku wa kijivu.

Kupona kunachukua muda gani

Unyoya uliong'olewa wote unaanza kuota tena baada ya wiki kadhaa, kama shimo lake kwenye ngozi halijaharibika. Uliokatwa katikati unangoja mpaka ndege apukutishe, na hiyo inaweza kufika mwaka. Pahali palipong'olewa mara nyingi sana panaweza kubaki kipara daima. Kuna ndege ambao sababu imeondoka lakini tabia imebaki, kama mtoto mkubwa anayetafuna kucha.

Basi kipimo cha kupona kisiwe manyoya peke yake. Kama uzito umetulia, anakula vya rangi mbalimbali, analala, anacheza, anaita watu asubuhi, na ngozi haina kidonda, kazi inaenda vizuri hata kifua kikiwa bado wazi. Kasuku wa kijivu anayetunzwa sawasawa anaweza kuishi miaka 40 na kupita. Piga picha ya kifua chake kila Jumapili, andika tarehe na uzito. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litasema kama hatua mlizochukua zinamfaa, au kama ni wakati wa kurudi kwa munganga.